Nilienda Mafia kutafuta nyangumi mwezi wa tisa, kumbe tangazo lilikuwa la papa (uzi mrefu, kaa na chai)

#1 Jahazi Bovu

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa sehemu za kumpeleka mchumba, maana huku hakuna mchumba, kuna kutapika na bahari tu.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa bara, nimekulia mbali na maji, bahari naiona nikienda Feri kununua samaki basi. Ila tangu mdogo nina ugonjwa mmoja, nataka nimuone nyangumi kwa macho yangu haya. Sasa mwezi wa nane nikakutana na tangazo insta la kampuni moja ya hapa Dar (siitaji, wakisoma wanajijua), OGELEA NA NYANGUMI KISIWANI MAFIA, picha ina mnyama mkubwa hatari, mgongo una madoa meupe, mdomo wazi kama mlango wa kontena, pembeni kuna mdada anaogelea hana hata wasiwasi. Nikapiga simu, jamaa ana maneno matamu huyo, nyangumi uhakika asilimia mia bosi wangu. Nikatuma advansi. Safari katikati ya mwezi wa tisa.

Siku inakaribia ndio naambiwa advansi ilikuwa ya kushika nafasi tu, usafiri najitegemea, nikifika Kilindoni, mji wa Mafia, kuna mtu atanipokea. Nikasema isiwe tabu. Alfajiri Mbagala Rangi Tatu nikadaka basi la Nyamisati, kule zinakopandwa boti za Mafia, Mkuranga hiyo, Bungu hiyo, afu unaiacha lami unaingia ndani kuelekea pwani, unafika Nyamisati unakuta watu wamekaa kwenye vivuli wanasubiri maji yajae. Hapo ndio somo la kwanza nililopata wakuu, kule saa haipangwi na ratiba, inapangwa na maji. Unaweza kuambiwa saa nne, ukaondoka saa saba, na wala hakuna mtu anayekasirika isipokuwa wewe.

Kwenye boti nimekaa na mzee mmoja ana kikapu na redio, tukapiga stori, nikamwambia mzee naenda kuogelea na nyangumi. Akaniangalia. Nikatoa simu nikamuonyesha ile picha. Yule mzee alicheka mpaka akashika ubao wa boti. Akaita na wenzie, "jamani njooni muone nyangumi wa huyu kijana."

Afu akaniambia, "Huyu ni potwe, baba. Huyu papa. Na mwezi huu utamtafuta na tochi."

Inaendelea...

#2 Mchele wa Kyela

Hahaha dah, nimeshakaa hapa na kiti changu. Usituache na arosto mkuu.

#3 Kisiki

Bila picha hii ni chai.

#4 Bint Pwani

Pole kaka ila na wewe, madoa yote yale hukushtuka? Sisi huku potwe tunamjua tangu wadogo, wengine wanamwita papa shilingi sababu mgongo kama umemwagiwa sarafu. Nyangumi hana madoa ya hivo.

#5 Jahazi Bovu

Dada mimi nimezaliwa Singida, ningeshtuka na nini sasa.

Tuendelee. Yule mzee akanipa darasa njia nzima, na nilivyofika nikauliza wengine wakanambia vilevile, kwa hiyo naweka hapa ili mtu asije akaliwa kama mimi. Papa potwe ni samaki, tena ndio samaki mkubwa kuliko wote duniani, anapumua kwa matamvua kama changu tu, mkia wake umesimama wima na anautikisa kushoto kulia. Nyangumi ni mnyama kama ng'ombe, ana mapafu, ananyonyesha, lazima aje juu kuvuta hewa, na mkia wake umelala bapa anaupiga juu chini. Hiyo ya mkia ndio rahisi kukumbuka, ukiona pezi la mkia linakata maji wima, huyo ni papa.

Na hawapatikani sehemu moja wala mwezi mmoja, na hapa ndipo watu wa matangazo wanapotupiga. Potwe msimu wake ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi, na wanakuwa upande wa magharibi, pale mbele ya Kilindoni kabisa, unaenda na boti unamkuta anakula vidudu na dagaa wadogo juu ya maji. Nyangumi (hawa wa huku ni nyangumi nundu) wao wanapita mwezi wa saba mpaka wa kumi, wengi wa nane na wa tisa, na wanakuwa nje, upande wa mashariki kwenye maji makubwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa na tarehe ya nyangumi, picha ya papa, na mtu wa kunipokea ambaye simu yake mpaka leo naandika haipatikani.

Advansi ilienda hivo wakuu. Tusonge.

Nikalala Kilindoni, asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Utende, lami nzuri kabisa kama kilomita 15, njiani kuna geti la hifadhi. Pale unalipia kiingilio, hawapokei kesh, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, kwa hiyo hakikisha una salio na chaji maana mimi simu ilikuwa na asilimia nne nikaanza kuomba chaja kwa askari. Raia tuna bei yetu, tofauti na mgeni, beba kitambulisho cha taifa.

Wengi hatujui kitu kimoja. Tukisikia hifadhi tunawaza Serengeti, watu wametolewa, wamebaki wanyama. Hifadhi ya Bahari ya Mafia haiko hivo, vijiji vimo humohumo ndani na watu wanavua. Sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa 1994, Mafia ikawa ya kwanza nchini 1995, kilomita za mraba 822 na sehemu kubwa ni maji. Wameigawa kwa kanda, kuna sehemu hairuhusiwi kuvua kabisa, kuna sehemu wenyeji wanavua kwa vyombo vilivyoruhusiwa. Ndio maana nahodha wako wa kutembea leo, jana alikuwa anatafuta changu.

#6 Nahodha Mstaafu

Mwanzisha uzi umeeleza vizuri kwa mtu wa bara. Niongeze kidogo kwenye upepo kwa sababu ndio unaowashinda wageni wengi.

Nyangumi wanakuja kwetu wakati wa kusi, upepo wa kusini. Kusi linaanza mwezi wa nne, linakaza wa sita, wa saba, wa nane, halafu linaanza kulegea wa tisa kwenda wa kumi unapoingia matlai, upepo wa mashariki. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndio bahari lala, maji maangavu, na wazamiaji wanatoka mpaka nje ya mwamba. Lakini kaskazi nyangumi hayupo, yuko kwake kusini kwenye barafu anakula. Kwa hiyo anayetaka nyangumi akubali kukutana na kusi. Hakuna njia ya katikati. Mwezi wa tisa mwishoni ndio afadhali, upepo umepungua na wenyewe bado wapo.

Ukiambiwa na nahodha "leo hatutoki" usimbembeleze na usimwongezee hela. Anayekubali kutoka kwa sababu umeongeza hela ndiye wa kumkimbia.

#7 Mchele wa Kyela

Shikamoo mzee. Swali, hawa wanakuja kutafuta nini huku kwetu kama chakula kiko kwao kusini?

#8 Nahodha Mstaafu

Marahaba kijana. Wanakuja kuzaa na kupandana. Mtoto wa nyangumi anazaliwa na mafuta kidogo mwilini, maji ya kule Antaktika ni ya baridi kali, huku kuna joto. Mama anabeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mtoto wa zaidi ya mita nne, ananyonyesha kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea kule, na akiwa huku kwetu karibu hali chakula chochote. Wale wadudu wanaowala kule, kama uduvi, huku hawapo kwa wingi wa kumshibisha mnyama wa tani thelathini. Ndio maana mkimkimbiza mama mwenye mtoto na mashine zenu mnamchosha mtu mwenye njaa. Msumbiji wanapita, Mtwara wanapita, sisi wanapita, Unguja na Pemba wanapita, mpaka Kenya huko.

Sisi zamani tulikuwa tukiona moshi wa pumzi yake tunabadilisha njia kwa heshima tu. Hakuna aliyetukataza.

#9 Kisiki

Bado hakuna picha.

#10 Jahazi Bovu

Kisiki tulia picha inakuja na utaijutia.

Nahodha Mstaafu asante mzee, maana haya ya upepo nimeyalipia kwa tumbo langu. Siku ya kwanza Utende nikatafutiwa nahodha na dada wa pale nilipofikia, kijana mmoja mpole haongei sana, nikamwambia nataka nyangumi. Akaangalia minazi. Sio bahari, minazi. Akasema leo hapana, leo twende Chole.

Basi Chole ni kisiwa kidogo mbele tu ya Utende, dakika kumi na kitu na boti. Hakuna magari, njia ni za mchanga chini ya miembe na mikorosho, unatembea kwa mguu au unakodi baiskeli. Kuna magofu ya Wajerumani, kuta zimeshikwa na mizizi ya miti kama mtu kakumbatiwa na pweza. Na kuna popo. Sasa wakuu nikisema popo msiwaze wale wa darini, hawa ni wakubwa, usoni kama mbweha, wananing'inia mchana kweupe kwenye mti mmoja mamia wanagombana kama abiria wa mwendokasi. Ni wale wa Komoro, huku kwetu bara huwakuti jamii hiyo, wapo visiwani tu. Nilikaa pale nusu saa shingo ikauma. Kama mtu hana mpango na bahari kabisa bado Chole peke yake inatosha siku.

Siku ya pili upepo umepungua kidogo, nahodha akasema tujaribu. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, mimi, wazungu wawili wazee, na mpemba mmoja mfanyabiashara aliyekuja kupumzika. Boti inakodiwa nzima haikodiwi kwa kichwa kwa hiyo mkiungana mnagawana, usiende peke yako ukalipia viti vitupu. Ndani ya ghuba maji yametulia kama ya kwenye beseni, nikaanza kujisifia. Afu tukatoka kwenye mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofunguka kwenda bahari kuu. Aisee. Kwanza hakuna mwamba tena wa kuzuia, mawimbi yanatoka India huko moja kwa moja yanakuja kukusalimia wewe mtoto wa Singida. Boti inapanda, inakaa juu kidogo kama inafikiria, afu inashuka. Nilitapika upande wa kulia. Nikatapika wa kushoto. Yule mpemba akanishika mkanda wa laifu jaketi kwa nyuma kama mtoto asidondoke huku anakula maandazi. Masaa matatu tulizunguka, tuliona pomboo kama kumi na tano hivi, wazungu wakafurahi, mimi niliona kwa jicho moja. Nyangumi, hakuna.

Somo la pili hapo, meza dawa ya kichefuchefu saa moja KABLA ya kutoka, ukishaanza kuumwa ndio unameza haikai tumboni. Kula kitu kikavu, usiende na njaa na usiende na supu ya pweza. Kaa katikati au nyuma ya boti usikae mbele, na angalia mstari wa mwisho wa bahari usiangalie simu.

#11 Bint Pwani

Supu ya pweza asubuhi kabla ya kutoka na kusi, wewe kaka una moyo

#12 Fundi Kabati

Wadau, nje ya mada kidogo. Kuna mtu kasema ukiokota matapishi ya nyangumi ufukweni unakuwa bilionea. Kweli au?

#13 Nahodha Mstaafu

Hiyo ni ambari. Babu zetu waliijua na waliiuza kwa Waarabu miaka mingi kabla ya mtandao, manukato yalitengenezwa nayo. Lakini haitoki kwa huyu anayezungumziwa hapa. Inatoka kwa yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama kabati, anayezama kina kirefu kula ngisi, inajitengeneza tumboni mwake kwa sababu ya midomo migumu ya ngisi. Nyangumi nundu hana meno kabisa, ana kama vitana vinavyochuja maji, hana ambari. Unachokiokota ufukweni asilimia kubwa ni mafuta yaliyoganda au mpira. Na ukiokota kitu kinachotoka kwa mnyama pori nenda kwanza kawaulize maafisa, usikimbilie kupost.

#14 Fundi Kabati

Basi narudi zangu kwenye mbao.

#15 Jahazi Bovu

Hahaha.

Siku ya tatu mwili umegoma, nikasema leo bahari hapana. Nahodha akaniambia basi twende Juani, kuna mayai ya kasa yanategemewa kuanguliwa. Juani ndio kisiwa kinachofuata, kikubwa kuliko Chole, unashuka upande huu unatembea kwa mguu kukivuka kisiwa mpaka upande wa bahari kuu, msitu, mawe makali ya matumbawe, beba raba usije na ndala kama mimi (ndala ilikatika, nikamalizia na kamba ya katani).

Kule kuna walinzi wa viota, vijana wa kijijini wanafanya na Sea Sense, shirika la kulinda kasa, wanajua kila kiota kilitagwa lini, wanahesabu siku maana mayai yanakaa kama miezi miwili mchangani. Utaratibu wao niliupenda sana. Zamani aliyekuta kiota alikula mayai, au alimla na kasa mwenyewe. Siku hizi anayetoa taarifa ya kiota analipwa, na hela za wageni wanaokuja kuangalia nyingine inabaki kijijini. Yani mayai yakawa na thamani zaidi yakiwa mchangani kuliko kwenye sufuria. Tulikaa kimya, jioni jua limelala, mchanga ukaanza kutikisika kama maji yanayotaka kuchemka, afu kakatoka kakichwa. Afu kengine. Afu wakamwagika kama dagaa kwenye tenga, wadogo wanaenea kiganjani, wanajikokota kuelekea maji. Hairuhusiwi kuwabeba ukawasaidia, hairuhusiwi kuwasha flashi wala tochi, wanafuata mwanga wa bahari, ukiwasha taa wanakuja kwako. Mmoja alipinduka tumbo juu nikawa nataka kumgeuza, yule mlinzi akanishika mkono bila kusema kitu. Akajigeuza mwenyewe.

Huko huko Juani kuna magofu ya Kua, mji mkubwa wa zamani, wanasema ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska miaka ya mwanzoni mwa 1800 ukaachwa. Sikufika kwa sababu ya ndala. Ila nilipigwa stori zake njiani mpaka nywele zikasimama, hizo uzi mwingine.

#16 Mchele wa Kyela

Nyangumi mkuu, NYANGUMI.

#17 Jahazi Bovu

Haya siku ya nne, ya mwisho.

Saa kumi na moja alfajiri nahodha ananigongea mlango. Anasema upepo umelala, minazi haitikisiki, twende sasa hivi kabla halijaamka. Dawa nilishameza saa kumi, nilikuwa nimejifunza. Tulikuwa wanne tu. Tukafika karibu na mlango wa Kinasi jua ndio linachomoza, nahodha akazima mashine. Kimya. Anasikiliza. Mimi najua kutafuta mnyama ni kwa macho, huyu kumbe anatafuta kwa masikio, anasema asubuhi bahari ikilala anasikia pumzi yake kabla hajamuona.

Hatukusikia kitu. Tukakaa kama nusu saa. Nahodha akasema basi wanaotaka kuogelea waingie maji hapa ndani, mkondo bado mdogo, angalieni matumbawe kidogo tukisubiri. Nikavaa miwani na ule mpira wa kupumulia, laifu jaketi juu (sioni aibu), nikazamisha kichwa.

Wakuu sijui niwaelezeje hii sehemu.

Kwanza unasikia yale matumbawe yanavyolia kama mahindi yanakaangwa kwa mbali, hiyo nilishaizoea siku ya kwanza. Afu chini ya hiyo sauti kukawa na nyingine. Nikadhani ni injini. Nikatoa kichwa, hakuna boti. Nikarudisha kichwa. Ni kama mlango wa mbao wa zamani unafunguliwa taratibu, unakwenda unakwenda afu unapanda juu unakuwa kama mtoto analia, afu inakatika, afu inaanza chini kabisa mpaka unaisikia kifuani sio masikioni. Afu inarudia. Mpangilio uleule. Nikatoa kichwa namwambia nahodha kuna kitu kinaimba. Akacheka mara ya kwanza tangu tukutane, akasema "huyo ndio yeye sasa, dume hilo."

Ni madume ndio wanaoimba, nimekuja kusoma baadae, na nyangumi wa eneo moja wanaimba wimbo mmoja na wanaubadilisha kidogokidogo mwaka hadi mwaka, wote wanahamia kwenye mpya. Sauti inasafiri kilomita na kilomita kwa hiyo anaweza kuwa mbali sana na wewe. Nilikaa mle majini kichwa chini mpaka meno yakaanza kugongana, sikuona samaki hata mmoja, yani samaki walipita mbele yangu lakini sikuwaona.

Yule mama mzungu alitoka majini analia. Na mimi maji yaliingia kwenye miwani, tuishie hapo.

#18 Kisiki

Hii sehemu sina la kusema. Picha nimekusamehe.

#19 Bint Pwani

😭 mi naishi huku miaka yote sijawahi kuzamisha kichwa kusikiliza. Miaka yote jamani.

#20 Mkia wa Taa

Niko Mtwara, nathibitisha. Huku kwetu Msimbati tuko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, na mama na watoto wanapita sana kipindi hicho. Wavuvi wetu nao wanasema wanawasikia usiku kupitia mbao za chombo wakilala chini. Mimi nilidhani ni stori za wazee.

#21 Jahazi Bovu

Mkia wa Taa hiyo ya mbao za chombo naiamini sasa kwa asilimia zote.

Namalizia. Tulitoka nje ya mlango polepole, nahodha anaelekeza pua ya boti kusini kidogo, kama dakika arobaini hivi, yule mwenzetu mmoja akasema MOSHI. Kweli, mbali kule, kitu kama mvuke wa sufuria ukipigwa na jua, ukakaa sekunde mbili ukapotea. Nahodha hakukimbiza. Hapa ndipo nilipomheshimu. Alipunguza, akakata kona kwa pembeni, sio mbele yao wala nyuma yao, afu akaweka mashine huru tukawa tunaelea tu, umbali nadhani zaidi ya viwanja viwili vya mpira. Akasema wakitaka watakuja, wasipotaka basi.

Walikuwa wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mgongo unatoka, mweusi, mrefu, unaendelea kutoka unadhani utaisha hauishi, afu kapezi kadogo juu ya nundu, afu unazama. Mdogo anatoka pembeni yake haraka haraka anapuliza kamvuke kake kadogo. Mara nne hivi. Mara ya mwisho yule mkubwa akakunja mgongo na mkia wote ukapanda hewani, maji yanachuruzika, chini una meupe, ukasimama kidogo, ukaingia bila kurusha hata tone. Yale meupe chini ya mkia kila nyangumi ana yake kama sisi na alama za vidole, watafiti wanawatambua kwa hayo. Hakuruka. Zile picha za kuruka nje ya maji mzima mzima mnazoona, sikuziona. Nahodha akasema basi, mama ana mtoto, tuwaache. Tukageuka. Kwa jumla nadhani niliwaona kwa dakika kumi, kwenye siku nne.

Picha nimeiambatanisha hapo chini. Kile kidoti cheusi upande wa kushoto juu ya kidole changu.

#22 Kisiki

Mkuu hiyo ni picha ya kidole.

#23 Fundi Kabati

Hicho kidoti ni uchafu wa kioo, nimezungusha simu nacho kimezunguka 😂😂

#24 Mchele wa Kyela

Sauti je hukurekodi? Hiyo ya kwenye maji ndio tunaitaka.

#25 Jahazi Bovu

Nilijaribu, simu nikaitia kwenye kile kimfuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni. Nilichorekodi ni dakika tatu za mimi napumua kama mtu anafukuzwa na mbwa.

#26 Mama Wawili

Nimesoma wote, asante kaka. Maswali ya kiutendaji sasa. Nina watoto wa miaka 7 na 10, hiyo safari ya nje ya mwamba inawafaa? Na nikitaka vyote viwili, potwe na nyangumi, safari moja inawezekana?

#27 Nahodha Mstaafu

Dada, watoto wa umri huo ndani ya ghuba sawa kabisa, Chole sawa, kasa sawa kama wanaweza kutembea na kukaa kimya. Nje ya Kinasi wakati wa kusi mimi nisingewapeleka wangu. Uliza bahari imekaaje siku hiyo, na hakikisha kuna laifu jaketi za saizi ya mtoto, sio la mtu mzima limefungwa kamba mara tatu. Panga safari isiangukie bamvua, kipindi cha mwezi mpevu na mwezi mwandamo mikondo ya pale mlangoni ina nguvu sana. Maji mafu, mikondo ikiwa midogo, ni bora kwa watoto.

Vyote viwili, mwezi wa kumi mwanzoni unaweza kubahatisha, nyangumi wa mwisho wanaondoka na potwe wa kwanza wanaonekana Kilindoni. Waliowafuatilia potwe kwa vifaa wamegundua wengine hawaondoki kabisa, wanasogea tu kwenye maji ya kina. Lakini kubahatisha ni kubahatisha. Atakayekuhakikishia ndiye huyo wa advansi.

#28 Bint Pwani

Mama Wawili mifuko ya plastiki acha nyumbani, tangu 2019 imepigwa marufuku nchi nzima na kule ndio kabisa, kasa anaidhani ni chakula. Na usinunue makombe na magamba ya kasa hata wakubembeleze. Usiku beba sweta, kusi lina baridi yake.

Na wageni wapunguze kutembea vichupi kijijini Chole, kule watu wanaishi. Kanga moja begani inatosha.

#29 Mkia wa Taa

Jahazi Bovu ile kampuni umeidai advansi yako?

#30 Jahazi Bovu

Nimewapigia jana kwa namba nyingine. Jamaa hakunitambua. Ameniambia nyangumi uhakika asilimia mia bosi wangu, hasa mwezi wa kwanza.